Kabla Hujalitoa Lori Uani

Veronika mwanangu,

Usishangae kuona karatasi hii ina grisi. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa majivu, haitoki, na siwezi kungoja zaidi maana utarudi kutoka kwa bibi yako Masakta kabla jua halijazama na nataka unikute nimemaliza. Grisi hiyo ina sababu yake. Nitaifikia mwishoni, usiruke kurasa.

Salamu utanipa mwenyewe kesho asubuhi, kwa hiyo za kwenye barua naziacha. Mambo ya blanketi, ya kufuli la chumba chako kule Haydom na ya vijana watakaojifanya kaka zako kila unaposimama, mama yako ameshayasema mara tatu, na mara ya tatu aliyasema huku ameinama anatafuta sakafuni kitu ambacho hakikuwepo. Hayo ni yake. Mimi sina la kuongeza.

Langu mimi ni lori la Bwana Lohay. Limesimama hapa uani tangu Jumapili, pua imeelekea boma la ng'ombe, na kesho alfajiri utalitoa kinyumenyume, upite kati ya ukuta wa nyumba na miti ya boma, uende kubeba mzigo wako wa kwanza. Lori lile linalia. Wewe unajua linalia, mimi najua linalia, na tangu Jumapili hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.

Lilipokuwa linaingia nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale mlangoni. Tajiri wako alikata usukani kulia akwepe mtungi wa mama yako, nikasikia "ko". Akakata kushoto, "ko" tena, chini mbele, upande wa utingo. Akashuka anacheka. "Mzee, binti yako nimempa lori mimi, na mji mzima unanicheka!" Kisha akapiga boneti kwa kiganja. "Lina kelele kidogo huko mbele, lakini linatembea. Na spea zenyewe siku hizi ziko wapi?" Wewe ukanitazama. Jicho hilo nalijua tangu ulipokuwa unatambaa: baba, usiniharibie. Basi sikukuharibia. Nilimkaribisha maziwa, nikamwuliza habari za mvua, nikacheka alipocheka.

Miaka kumi na moja iliyopita nilinyamaza hivyo hivyo, na mtu akapoteza mguu. Hilo hujawahi kulisikia kutoka kwangu. Ulichosikia wewe ni kingine, na kingine hicho ni uongo, na uongo huo niliuacha ukue ndani ya nyumba hii pamoja na wewe.

Nianze mbali kidogo. Shamba la ngano la serikali lilipokuja, lilikuja juu ya malisho ya baba yangu. Hilo unalijua, kila Mbarabaig wa huku analijua, sina haja ya kulipigia ngoma. Pale tulipopeleka ng'ombe wakati wa kiangazi palilimwa mpaka macho yanachoka, na aliyepitisha mifugo alikamatwa. Ndugu zangu wakahama na ng'ombe. Mimi nikabaki, nikaenda kuomba kazi kwa wale wale. Nyumbani wakaniita msaliti. Shambani wakaniita Mang'ati, jina ambalo sisi hatujiiti. Nikawa mtu wa majina mawili na yote mabaya. Nilisema moyoni, mmechukua nyasi, basi mtanifundisha hayo machuma yenu, na nitayajua kuliko ninyi. Leo nina mvi na bado sijutii.

Nilianza na ulinzi, nikawa utingo, na mwaka wa tatu nikajiandikisha kwenye jaribio la madereva wa malori yenye tela. Walipanga mapipa mistari miwili, na kazi ilikuwa moja: kurudisha tela katikati ya mapipa mpaka mlango wa ghala bila kugusa hata moja. Tulikuwa wanane. Saba walikuwa na leseni zao, wametoka Arusha na Singida, mmoja amevaa miwani ya jua siku ya mawingu. Walipanda mmoja mmoja na mmoja mmoja wakaangusha mapipa. Unajua kwa nini. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto, na akili ya mtu aliyezoea kwenda mbele inakataa kabisa. Anakata, anaona linakwenda siko, anaogopa, anakata zaidi, tela linajikunja.

Nilipopanda mimi walicheka kabla sijawasha. Masikio yangu unayajua, yalitobolewa na kuvutwa tangu utotoni kama desturi yetu, na kofia ya shamba haikuweza kuyaficha. Mwalimu wa udereva, Mwalimu Sospeta, akapaza sauti, "Mang'ati, hapo hakuna fimbo, kuna usukani!"

Lakini Veronika, mimi nimechunga tangu nina miaka sita. Mchungaji hatembei mbele ya ng'ombe. Anatembea nyuma, kundi liko mbele yake, na akitaka kundi liende kushoto yeye anasogea kulia. Akisogea sana, ng'ombe wanakunjana. Akikimbia, wanatawanyika. Na hamwangalii ng'ombe aliye karibu naye, anamwangalia yule wa mbali anayeongoza. Wakishapinda vya kutosha anawahi upande wa pili, awanyooshe kabla hawajapinda kupita kiasi. Nilitazama lile tela kwenye kioo nikaona nimelifahamu zamani. Mlango wa ghala ndio maji ya kunywesha, tela ndilo kundi, na mimi niko nyuma yake na fimbo. Nikasogea kulia kidogo, likaenda kushoto. Nikaliwahi upande wa pili, likanyooka. Nikaingia mara moja tu na sikugusa pipa.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Sospeta akaja mlangoni. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa ng'ombe, mwalimu."

"Usinitanie. Toa nje, rudia."

Nikatoa, nikarudia. Akazunguka mapipa yote, anayaangalia kana kwamba nimeyahonga, halafu akamwambia karani, "Andika jina lake. Siyo hilo la kumtania, andika la kwao." Siku hiyo nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani nikimwimbia kila ng'ombe niliyekutana naye.

Nakuambia haya kwa sababu wapo wanaokuambia kwamba mwanamke hawezi lori, na kesho Haydom watakuwepo wengine. Walioniambia mimi siwezi walikuwa na leseni na miwani ya jua. Usibishane nao. Panda, rudisha gari, shuka.

Sasa nije kwa Bura. Wewe unamfahamu kama mzee wa mkongojo anayetengeneza baiskeli Masakta, jirani na bibi yako. Wakati ule alikuwa fundi wa karakana ya shamba, Mmbulu wa kanisani, mwimba kwaya, na ndiye mtu pekee pale ambaye hakucheka masikio yangu. Alisema, "Masikio hayo usiyafiche, yatumie." Mapumziko ya saa sita, wengine wanapokula, alikuwa ananikalisha kwenye kiti cha utingo na kunifunga macho kwa kitambaa, halafu yeye anakata usukani na mimi nataja kinacholia.

Mlio wa "nyiii" lori likiwaka asubuhi, unaozidi ukikata kona, ni mkanda wa pampu ya usukani umelegea. Likiguna kwa uchungu ukikata mpaka mwisho, mafuta ya pampu yamepungua au hewa imeingia, na hata likiwa zima usilishikilie pale mwishoni, kata, liachie. Lori la Bwana Lohay halina pampu, lakini hutaendesha hilo maisha yako yote. Likilia "kwi, kwi" polepole, kama mlango mkavu, kingipini, zile pini nene ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zina kiu, zipe grisi. Likikwaruza ukikata mpaka mwisho tu na si kabla, tairi inagusa springi, basi wewe ndiye mlafi wa kona. Lakini "ko", alisema Bura, "ko" usiipe jina ukiwa umekaa. Zima gari, weka magogo kwenye magurudumu. Mtu mmoja atikise usukani kidogo, kulia kushoto, kidogo tu. Wewe ulale chini, ushike kila kiungo kwa kiganja kizima, kimoja baada ya kingine. Kilicholegea kitakugonga mkononi hata kama sikio halijapata kitu.

Karibu kila mara utakikuta kwenye tairodi, ile fimbo ya chuma inayoyafunga magurudumu mawili ya mbele yaende pamoja. Kila mwisho una kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Kikombe kikiliwa, kichwa kinacheza. Kikicheza sana, siku moja kinachomoka, na kikichomoka kila gurudumu linakwenda linakotaka na usukani mikononi mwako unakuwa sahani ya kulia ugali.

Niliyajua yote hayo. Hapo ndipo unapoanza ubaya wangu, kwamba niliyajua.

Alikuja mkuu mpya wa karakana, mtu wa suruali zenye mkunjo. Asubuhi moja nilipeleka lori nikasema kingipini zinalia, na kwa mazoea ya Bura nilikuwa nimeweka sikio kwenye fenda, juu ya gurudumu, huku utingo anatikisa usukani. Mkuu akasimama katikati ya karakana. "Njooni mwone! Huyu anapima lori kama ng'ombe mwenye mimba! Mang'ati, atazaa lini?" Watu arobaini walicheka, na wengine walilala chini kwa kucheka. Tangu siku hiyo nikawa Daktari wa Ng'ombe. Kantini, Daktari wa Ng'ombe. Dirisha la mshahara, Daktari wa Ng'ombe. Mimi niliyeyavumilia maneno ya ndugu zangu nikashindwa kuvumilia hilo, kwa sababu safari hii walitania kitu nilichokuwa najivunia. Nikaacha kuweka sikio, na nikaacha kusema.

Msimu wa mavuno wa mwaka huo lori langu likaanza kusema "ko".

Siku ya kwanza nilisema ni jiwe. Siku ya pili nilijua si jiwe. Siku ya tatu nilikuwa naisikia kila kona, kutoka kwenye kombaini, ile mashine ya kuvunia, mpaka ghalani, nami nikawa naongea kwa sauti ili nisiisikie. Bura mwenyewe alikuwa amehamishiwa ghalani kwa msimu, kuangalia mashine za kuinua nafaka, na saa za msongamano alikuwa anasaidia kuongoza malori kurudi nyuma. Ningeweza kumwambia yeye. Angelala chini pale pale. Lakini angepeleka taarifa karakana, na karakana wangesema Daktari wa Ng'ombe ameleta mgonjwa mwingine. Ona kitu kidogo kilichonizuia, mwanangu. Kicheko tu.

Alasiri ya siku hiyo ya tatu nilirudisha tela limejaa ngano. Bura alikuwa nyuma, kati ya tela na ukuta wa ghala, upande wangu, namwona vizuri kwenye kioo. Alikuwa ananiita kwa mkono, njoo, njoo, njoo. Tela lilikuwa limenyooka. Nilikata kidogo nilimalizie, nikasikia "ko" moja kubwa, halafu usukani ukawa mwepesi. Mbele ya lori ikaenda upande, tela likajikunja. Nilikanyaga breki. Nilikanyaga, Veronika, lakini tani zile hazisimami kwa kupenda kwako. Mkono wa Bura kwenye kioo ukaacha kuniita.

Walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Uchunguzi ulifanywa na mkuu wa karakana mwenyewe. Aliandika kwamba kiungo cha tairodi kilikatika kwa kugonga ukuta, na kwamba chanzo ni dereva kutomudu kurudi nyuma. Akanisogezea karatasi. Mimi nilijua kiungo kilichomoka kabla ya ukuta. Ningeweza kumwambia hivyo na kumtolea ushahidi, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Lakini ningesema hivyo, swali ambalo lingefuata lingekuwa moja tu: na wewe hukusikia mlio? Basi nikaweka saini. Nilikubali niitwe mtu asiyejua kurudisha gari, mimi niliyeingia kati ya mapipa mara mbili, ili nisiitwe mtu aliyesikia akanyamaza. Wakanifukuza kazi jioni ile ile.

Na Bura aliniuliza. Nilikwenda kumwona hospitali, amelazwa, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Akaniuliza kwa upole, "Ulisikia kitu kabla?" Nikamwambia sikusikia. Akageukia ukutani.

Sasa unajua ulichobeba. Shuleni walikuambia baba yako anarudi nyuma kama mlevi. Ulikuja nyumbani umepasuka mdomo kwa kupigana juu ya hilo ukiwa na miaka tisa, nami nikakupangusa damu na sikusema neno. Ulipofika miaka kumi na tano ukamng'ang'ania dereva wa trekta la kijiji mpaka akakufundisha, na ile Jumapili ukarudisha trekta na tela lake kuanzia kisimani mpaka mbele ya kanisa, watu ndio wanatoka ibadani, wazee kwa watoto wamesimama kwenye ngazi. Ulishuka, ukafunga kanga kiunoni, ukasema, "Mimi ni mtoto wa yule asiyejua kurudi nyuma." Mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia. Walidhani ni furaha. Ilikuwa furaha, sikatai, lakini ilikuwa pia aibu ya kuona mtoto wangu anasafisha doa ambalo halikuwepo, huku lenyewe hasa nimelikalia.

Nisamehe au usinisamehe, hilo ni lako na wala sikuharakishi. Lakini sitaki uondoke nyumbani kwangu na hadithi ya uongo.

Jana nilikwenda Masakta. Nilimwambia mama yako naangalia ndama. Nilimkuta Bura amekaa chini, anapiga tupa kwenye ekseli ya baiskeli. Sikumwamkia vizuri, nilisema tu kabla ujasiri haujaniisha, "Bura, nilisikia. Siku tatu nilisikia."

Tupa haikusimama mara moja. Ilikwenda mara kadhaa, ndipo akaiweka chini.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nimekuwa nikimkasirikia mtu asiyejua kurudisha gari. Hasira hiyo ilikuwa imeshakwisha. Sasa unataka nianze nyingine."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi nitaanza. Nipe muda, na usije hapa mpaka nikuite." Nikageuka niondoke. Nilikuwa nimefika kwenye uzio aliponiita. "Bibi yake Veronika anasema mtoto amepewa lori. Linaliaje?"

Nikamwigia. Alifumba macho, kama alivyokuwa akinifumba mimi. "Upande gani?" Wa utingo. "Kona zote mbili?" Zote mbili. "Umelala chini ukashika?" Nikasema bado. Hapo ndipo alipopandisha sauti, na Bura si mtu wa kelele. "Unafanya nini hapa basi? Umekuja kuungama na kazi hujafanya!" Akanitupia spana yake na nyundo mbili. Nyundo moja ilinipata kwenye kifundo cha mguu. Nina uvimbe na nimefurahi kuwa nao.

Mzigo wako unakwenda Yaeda Chini, na njia ya kushuka huko unaijua, uliipita utotoni kwa miguu na mjomba wako. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine hakuna kitu. Hakuna pa kugeuzia. Mvua ikinyesha juu, korongo linajaa, na lori lililoshuka halina njia ila kurudi nyuma kupanda, kona baada ya kona, mpaka juu. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa, si kwenda mbele. Kwenda mbele yeyote anaweza. Huko hakuna tela, kwa hiyo mkia utafuata usukani, lakini usisahau pua: ukikata mkia uende mlimani, pua inafagia upande wa bonde, na madereva wengi wamekufa wakiangalia nyuma huku gurudumu la mbele limeshatoka barabarani. Shuka kwanza, tembea njia yote kwa miguu, ndipo urudi kwenye kiti. Utingo asimame mahali unapomwona. Ukimpoteza kwenye kioo, simama, hata kama nyuma yako wanapiga honi na kukutukania mama. Na hayo yote, Veronika, yanadai kitu kimoja, kwamba ukikata usukani magurudumu yatii. Mimi nilifanya kila kitu sawasawa siku ile. Magurudumu hayakutii.

Najua utasema nini. Utasema, baba, nikimwambia Bwana Lohay kwamba sitoki mpaka kiungo kibadilishwe, atampa lori mtu mwingine, na watasema mwanamke alitafuta kisingizio, na Mbarabaig ana maneno mengi. Ndiyo. Watasema. Watacheka vilevile kama walivyonicheka mimi, na itakuuma mahali pale pale. Sina dawa ya hilo. Lakini nakuambia kama mtu aliyeukimbia mcheko, kwamba niliukimbia siku tatu nikaishi na mkono wa Bura kwenye kioo miaka kumi na moja. Waache wacheke mpaka wachoke. Wewe funga breki ya mkono ukae.

Sasa grisi. Leo ulipoondoka tu, niliweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya lori. Nikamwita mama yako atikise usukani, nikalala chini, nikashika. Tairodi upande wa utingo ilinigonga kiganjani kila mama yako alipotikisa. Nikatoa kotapini, ile pini ndogo inayozuia nati isilegee, nikafungua nati kwa spana ya Bura, nikapiga kwa nyundo zake mbili mpaka kichwa kikaachia, halafu nikakizungusha kiungo chote kikatoka kwenye fimbo yake. Nimehesabu, ili kikirudishwa kikae pale pale: mizunguko kumi na minne. Kiko ndani ya begi lako, chini ya blanketi, kimefungwa na barua hii kwenye kanga ya zamani ya mama yako. Kwenye usukani nimefunga kitambaa chekundu, asije mtu akajaribu kuliondoa lori.

Si haki yangu. Lori si langu, kazi si yangu, na wewe si mtoto tena. Nimefanya, na nikiulizwa nitasema ni mimi.

Kishike sasa hivi, ukitikise. Usiniamini mimi, niliwahi kusema sikusikia. Amini kiganja chako.

Bwana Lohay akifika alfajiri atatukuta wote wawili uani. Safari hii sitamkaribisha maziwa, na sitakusemea. Useme mwenyewe, kwa sauti, mbele yake na mbele yangu. Ukisema ni kibovu, nitakaa kwenye kigoda changu mpaka alete kingine, hata kama ni wiki mbili, na akichukua lori lake basi nitakusindikiza Haydom kwa miguu kutafuta jingine. Na ukisema ni kizima, sitabisha. Nitalala chini nikirudishe, mizunguko kumi na minne, nikaze nati, nitie kotapini. Kisha nitakwenda kusimama nyuma ya lori, kati yake na ukuta wa nyumba, mahali utakaponiona vizuri kwenye kioo, na nitakuita kwa mkono, njoo, njoo, mpaka utoke.

Baba yako